Simu Yako Hulala Wapi?

Zahanati yetu iko juu kidogo ya Tukuyu,
na soketi nzima ni moja tu,
ile ya nyuma ya jokofu la chanjo.
Umeme ukikatika bondeni, sola yetu hubaki,
na vijana hupanda na simu zao
kama waletao kuku kwa mganga:
"Sista, nichajie, nitapitia jioni."
Siku ya mvua (na hapa siku ipi si ya mvua?)
niliwahi kuhesabu simu kumi na tisa
zikinguruma juu ya daftari la wajawazito.

Nilichaji. Sikuuliza kitu.

Ambwene alikuja mara tatu mwaka jana.
Tumbo, akasema. Nikampa dawa ya minyoo.
Tumbo, akasema. Nikapima choo, choo kisafi.
Mara ya tatu alikaa tu pale benchi
akiitazama simu yake ikijaa, asilimia moja moja,
kama mtu atazamaye mto ukipanda.
Nikamwambia, "Mwanangu, huna ugonjwa."

Tulikuja kujua baadaye:
mtu asiyemfahamu, mwenye sura ya msichana,
alikuwa na picha yake,
na kila Ijumaa alidai elfu ishirini.
Kijana akauza debe za viazi, akauza jembe la mama,
kisha akaenda machimboni, Chunya.
Mpaka leo, kimya.

Basi nikatoa kadi yetu ya vijana,
uzito, urefu, joto, presha,
na chini kabisa, kwa penseli
(wino una wenyewe wilayani),
nikaandika: Simu yako hulala wapi?
Mganga mfawidhi akacheka.
"Kwani simu nayo ina kitanda?"

Chini ya mto, walijibu.
Kwa kaka, ila neno la siri ninalijua.
Mmoja akanyoosha mabega:
"Hailali. Mimi ndiye ninayelala, kidogo."

Jumatatu akaja Tusekile, miaka kumi na mitano.
Arobaini na saba, mwezi wa tatu.
Arobaini na nne.
Leo arobaini na moja, na sweta lake limelowa.
Mama yake akasema mtoto hali, kuna mkono wa mtu.
Nikamwomba mama angoje nje, kwenye moto wa jikoni.
Nikauliza lile swali la penseli.
Mvua ikajibu kwanza, juu ya bati.
Kisha yeye:
"Hulala kifuani."

Akanionyesha. Wanawake wembamba kama mabua,
siki na limao kabla ya jua,
siku ishirini na moja, usivunje,
na poda aliyoinunua kwa hela ya mtihani,
kopo halina hata jina la kiwanda.

Sikumpokonya.
Wahenga walisema mtoto akililia wembe, mpe.
Wahenga hawakuujua wembe unaomwita mtoto
kwa jina lake, saa saba za usiku.

Nikavaa miwani, nikamwambia nifundishe:
huyu anafungiwa wapi? Na huyu?
Akacheka kidogo, kidole changu kinene
kilikuwa kimempigia mjomba wake.
Tukawafunga kumi na mmoja.
Ndizi ya kuchemsha niliyokuja nayo kwa chakula changu
niliiacha mezani, nikaenda kutafuta faili
ambalo halikupotea.
Niliporudi, ilikuwa imebaki nusu.

Poda akaiacha. Simu pia, usiku ule,
ikalala nyuma ya jokofu, ikanguruma mpaka alfajiri,
nami nikilala zamu nikaisikia
nikamfikiria Ambwene, na kadi yake boksini,
chini kabisa patupu.

Alhamisi Tusekile alirudi. Sikuwa na hakika angerudi.
Arobaini na moja na nusu.
Ile nusu nimeiandika kwa wino.