Kabla ya Changarawe

Nélida akasimamisha gari bila kuniuliza.
Kilomita tisini hatukusemezana,
kisa nilisema anaendesha kama kakake.

Pampu moja, kutu tupu. Patagonia.
Mzee Evaristo katoka na kibuyu cha chai chungu,
mkono wa pili kashika kofia,
maana huku upepo haubishi hodi,
unakuvua.

Kifungo alishuka wa kwanza.
Mbwa mwenyewe ukubwa wa kiatu;
masikio yakapeperuka, akasukumwa
akaenda upande kama kaa
hadi gurudumu la nyuma. Akainua mguu.
Akaushusha.
Akatega sikio.

Ssss.

Tukainama sote watatu, mzee wa nne,
kusikiliza tairi likikata roho taratibu.
"Lingewafia huko mbele kwenye changarawe,"
akasema mzee, "mkalala na guanako."

Nikashika jeki, Nélida spana.
"Kaka yangu," akasema bila kuniangalia,
"hata nati hajui inafunguka wapi."

Nikacheka, vumbi likanijaa kinywani.
Naye Kifungo, aliyekuwa amejizuia muda wote,
akalisubiri tairi jipya likazwe vizuri
ndipo akalikojolea.