Jivu la Mwaka Jana

Tawi la mnazi limekaa mwaka mzima juu ya mlango,
likageuka manjano, kisha rangi ya chai iliyopoa.
Nimelishusha kwa mpini wa ufagio,
vumbi lake likaniingia machoni,
nikalipeleka kanisani pamoja na ya wenzangu:
la mama Dzame, la mzee Nzai wa cherehani,
na la yule mtoto aliyesuka msalaba wa chane
akauchezea hadi ukawa panzi.

Tuliyachoma kwenye sufuria isiyo na mkono.
Makuti hayaungui kwa heshima.
Yalipasuka, yakarusha cheche kwenye leso yangu,
na yale yaliyopungwa juu, yakashangilia,
yakawa kitu cha kuchekechwa kwa chujio la chai.

Kaka yangu Katana hapaki.
Yeye husali Muyeye, chini ya mabati mapya,
spika mbili na kinanda.
Asema siku zote ni za Bwana,
Jumatano haijaota pembe.
Asema, Nyevu, nionyeshe aya.
Mliacha vigango vya babu, asema,
mkaenda kuokota makuti.

Nami sina aya.
Nina paji la uso tu.

Tena heri hajui yote.
Miaka kumi na tisa napakwa jivu,
miaka kumi na tisa kopo langu la kupimia mbaazi
kitako chake kimebonyezwa ndani.
Haba na haba za watu, nami nimejaza kibaba.
Jumatano najuta. Alhamisi nafungua kibanda.

Mwaka huu mifungo yetu imegongana.
Bi Ruweida wa Shela alikuja kununua mbaazi za futari,
akaniuliza huku akipeta kwa vidole:
"Nanyi mwafunga nini?"
Nyama, nikamwambia. Na sukari kwenye chai.
Akalichukua kopo, akaligeuza chini juu,
akalitazama kitako.
"Na hili?"
Wala hakucheka.

Pengine Katana ana haki.
Mungu hana haja na Jumatano.
Mwenye haja ni mimi, nisiyejuta
mpaka nitajiwe siku, saa, na foleni ya kusimama,
na kidole cha mtu mwingine
kinikumbushe, kwa ubaridi wake, kwamba nitaoza.

Lakini kuna hili la Katana, sijalisema popote.
Mkewe Mbeyu tulimzika mwezi wa Mei,
mvua ikajaza kaburi, tukachota maji kwa ndoo
kabla ya kumteremsha.
Kanisani kwake walisema: hapana arobaini,
hapana kukaa matanga, mtu amekwenda juu, basi.
Amina yake ilizidi za wote.

Siku ya arobaini nilikwenda kung'oa magugu.
Nikamkuta amechuchumaa,
koti la kuhubiria limekunjwa juu ya nyasi,
na mbele yake kikombe cha Mbeyu, kile chenye ufa,
kitupu, kimesuguliwa kwa jivu hadi kikang'aa.
Nani alimhesabia zile siku?
Nyumbani kwake hakuna hata kalenda.
Nikarudi kinyumenyume kabla hajageuka.

Leo baada ya ibada nimeligonga kopo kwa nyundo.
Kitako kimeshuka nusu.
Nusu tu. Mkono ulichoka, au moyo.

Jioni Katana akapita kibandani.
Akanitazama usoni, kitambo.
"Una uchafu hapo," akasema,
akachomoa kitambaa chake cheupe, akanyoosha mkono,
ukasimama hewani
karibu na paji langu.

Kisha akakikunja upya, pembe nne,
akakirudisha mfukoni,
akaomba nimpimie mbaazi.