Mpima Njia

Wageni hutuletea msemo wao pamoja na magunia ya chumvi:
milima haikutani.
Nawaacha wamalize uji, kisha nawaonyesha ufa.

Huku hukutana.
Hurda hutoka kaskazini, Nemvek hutoka kusini,
polepole, kama mashemeji waliokosana zamani,
kila mmoja akingoja mwenzake aanze kusalimu.
Njia yetu imepita hapo hapo,
katikati ya viganja vyao.

Kila alfajiri napima.
Fimbo ni ya mreteni. Niliirithi kwa baba,
pamoja na kikohozi na deni la mafuta ya taa kwa Tavrish.
Ina alama sita za kisu:
mkokoteni;
nyumbu na mzigo wake;
nyumbu mtupu;
mtu;
mtu aliyejipinda ubavu na kutoa pumzi zote;
na ya mwisho, karibu na ncha, nyembamba kama ukucha,
ambayo baba hakunieleza.
Ukiihitaji utaijua, alisema.
Mwaka uleule aliingia, kipimo kikisema mtu,
kumfuata mwana-kondoo wa Tavrish aliyepotea,
na jua la mchana likiwa utosini
milima ikapeana mikono.

Mwana-kondoo alitoka.
Tulimla matangani.
Tavrish akaiongeza bei yake kwenye deni.

Basi usiku wa theluji ya tatu akaja Oshvenna mkunga,
miguu kaifunga ngozi za mbuzi,
mkasi unagongana na chupa mkobani.
Ng'ambo, Korrum, binti wa mfua shaba
alikuwa na uchungu tangu jana.
Nikapima kwa taa.
Mtu hapiti.
Ubavu haupiti.
"Pima tena."
Nikapima tena.
Mwamba ulitoka jasho, ukanuka chuma kilichonolewa.
Akavua koti, akavua shali, akajaribu bega,
na Hurda akashusha pumzi.
Nilimvuta kwa kiuno.
Mkono wa gauni lake ukabaki humo.

Tukakaa kitako, hatusemezani.
Nilikuwa nachezea fimbo tu, kidole gumba
kikaangukia alama ya sita.
Nikaichomeka ufani. Ikaenea
kama ufunguo kwenye mlango wake.

Nikaweka mdomo pale:
"Korrum! Mleteni kwenye ufa!"
Jiwe likaimeza sauti. Nikadhani imekwisha.
Tulikwisha kuzima taa kubana mafuta
ndipo ikaja, ndogo, imepoa njiani:
"Yuko hapa. Yuko kwenye machela."

Usiku kucha Oshvenna alizalisha kwa kinywa,
magoti thelujini, shavu kwenye mwamba.
Mlazeni kushoto.
Nani ana mikono midogo? Wewe. Nawa kwa majivu.
Usivute.
Nimesema usivute!
Mwambie apumue nami.
Akavuta pumzi, akaitoa,
na ng'ambo ya mawe mwanamke asiyemjua akavuta, akaitoa,
na naapa kwa fimbo hii,
Hurda naye alivuta na kutoa kwa hesabu ileile.

Kisha kimya.
Oshvenna alinishika kifundo cha mkono.
Kucha zake ninazo mpaka leo, nne, zimepangana.

Kilio kilitufikia kimevutwa na ule mwendo mrefu,
chembamba kama uzi unaotafuta tundu la sindano.

Asubuhi nikapima: nyumbu na mzigo wake.
Oshvenna akapita akipiga miayo,
akaokota mkono wa gauni lake njiani,
akaukung'uta, akauvaa.

Mimi sikuvuka. Kazi yangu ni upande huu.
Lakini siku hizi, njia ikibana hadi alama ya sita
na hakuna msafiri wa kuniona,
naweka mdomo ufani
nikamwambia baba
deni la taa nimelipa nusu,
na Tavrish bado anamdai yule mwana-kondoo.