Lita Mia Mbili na Arobaini

Tangi lilifika Jumanne, zawadi ya mjane wa daktari,
lita mia mbili na arobaini za hewa tupu,
likawekwa ukumbini kati ya redio na dirisha
linalotazama vilima vya vifusi vya makaa, hapa Ostrava.
Mkurugenzi akanipa bahasha ya fedha:
"Chagua samaki wewe. Ila waulize wazee kwanza."

Nami, kwa ujinga wangu, nikawauliza.

Bwana Ctibor, miaka thelathini na mmoja mgodini,
alitaka piranha. Mmoja tu,
tumtupie soseji za Alhamisi ambazo hata mbwa hazigusi.
Bi Hedvika alitaka samaki wa dhahabu, wanene, wenye mashavu.
Mzee Oldřich alitaka chochote
asichokitaka Ctibor.
Bi Bohdana alisimulia habari za karpi wa Krismasi
aliyekaa siku tatu ndani ya bafu la kwao
akisubiri kisu, naye mtoto wa miaka sita
akimlisha mkate kwa siri.
"Nilimpa jina," akasema. "Siku ya nne tukamla."
Kalamu yangu ilikuwa mkononi. Sikuandika kitu.

Jarmil mwenye duka hakuniuliza rangi.
Aliuliza maji.
Nikampa chupa niliyoikinga kwenye bomba la jikoni,
akachovya karatasi, akaisogeza penye taa,
kama mtu anayesoma majibu ya damu ya ndugu yake.
"Laini. Maji ya milimani. Una bahati."

Kisha akaanza kuninyima.
Wa dhahabu, hapana: wanataka baridi, na uchafu wao
ni wa farasi.
Wale wenye milia, hapana: hawaui,
wanadonoa tu, leo pezi, kesho mkia,
mpaka mwenzao anajificha nyuma ya pampu asile tena.
(Nikaikumbuka meza namba nne.)
Malaika, yule mrembo anayepita kama tanga la hariri?
Subiri afike upana wa kiganja,
uone wadogo wanavyopungua bila kelele.
Na yule mwekundu kwenye gilasi yake, peke yake?
Fahali wawili hawakai zizi moja;
huyu hakai hata na kioo.
Ukimwekea, atapigana na uso wake hadi achoke.

Nina daftari la viti vya chumba cha chakula.
Naliandika kwa penseli.

Tulisubiri wiki nne, maji yakizunguka bila mtu,
kwani Jarmil alisema maji nayo hukomaa.
Wazee wakaja hivyo hivyo na viti vyao,
wakatazama mchanga, jani, povu.
Oldřich akasema ndiyo programu bora aliyowahi kuiona.

Ndipo nikaleta neoni kumi na wawili,
kila mmoja na mstari wa buluu ubavuni,
na kambare sita wadogo, wenye sharubu, wa kukaa chini.
Ctibor alitazama, akaguna:
"Hao ndio samaki? Hao ni vipande vya waya."

Lakini Ctibor halali. Miaka ya zamu imemharibia usiku.
Saa nane nikipita na dawa namkuta gizani,
pua karibu na kioo,
na kule chini kambare wanachimba, wanachimba,
mchanga ukitoka mashavuni mwao.
"Zamu ya usiku," ananinong'oneza,
kama ananijulisha kwa wenzake.

Na juu yao anahesabu neoni.
Mgodini, asema, mlihesabu taa zinazoshuka,
na jioni mkahesabu taa zinazopanda,
na hakuna aliyeoga kabla hesabu haijalingana.

Tangu Ijumaa ni kumi na mmoja.
Nimehesabu nami, mara tatu, hadi nyuma ya jiwe.

Asubuhi Bi Bohdana hupita na kikombe chake cha chai,
husimama, huuliza: "Wote wapo?"

"Wote," asema Ctibor, bila kugeuka.