Hodi ya Msimu

Simu inalia saa saba usiku, Ngamiani, Barabara ya Kumi na Mbili.
Ni Mwanaisha, yuko Ohio, miguu ndani ya beseni.
Leo kabisha milango themanini na moja.
Waliofungua, kumi na tisa. Mmoja alikuwa na mbwa.

Dada, tumekosea wapi?
Hoja tunazo: dawa ya sukari ishuke bei,
jirani asibebwe usiku kwa ajili ya lafudhi yake,
na bado waliokuwa wetu
wanatutazama kama tumekuja kudai.
Chamani wanagombana. Tusogee kulia. Tupaze sauti.
Wameleta mtaalamu wa grafu.

Nakata uzi kwa meno. Sare ya madrasa, mkono wa kushoto.
Alama ya chama chenu vile ni nini?
Punda.
Nacheka hadi mtoto anageuka kitandani.

Ndiyo maana, anasema, fadhila zake mateke.

Lakini punda ni nani, Mwanaisha?
Mkumbuke baba, kiwanda cha mbolea kilipofungwa,
na wale waliompitia kila uchaguzi na kofia mpya.
Alibeba, akabeba.
Siku aliyorusha teke wakasema hana shukrani.

Kimya. Nasikia maji ya beseni.

Yule wa mbwa, anasema, alitaka kuzungumza.
Paa lake linavuja.
Nami nilikuwa na milango mingine.

Rudi kesho. Usichukue karatasi.

Kesho si zamu yangu.

Ndiyo hiyo kesho ninayosema.