Vikombe vya Ciza

Saa kumi na moja alfajiri, Bukavu imejifunika ukungu,
mdogo wangu Ciza ananiletea kikombe kilichofunikwa kwa sahani.
Ana daftari, ana saa ya kuazima,
anasomea kinezi mwaka wa tatu,
na mimi ndiye mgonjwa wake asiyeumwa.
"Kunywa," ananiambia. "Usiulize."

Siku moja ni kahawa ya Katana, nyeusi kama soli ya kiatu.
Siku nyingine ni mahindi aliyoyaunguza mama kwa makusudi:
uchungu uleule, rangi ileile, ndani hamna kitu.
Ya leo ni ipi? Ciza anajua, daftari linajua,
ulimi wangu unajifanya unajua.

Tunangoja saa nzima. Ndipo naondoka Nguba, ziwani,
naipanda Nyawera, naingia Kadutu,
ngazi za udongo, mifereji,
kina mama wa sambaza wakipanga beseni zao,
hadi Karhale, ambako pumzi inauzwa kwa bei ya ulanguzi.

Paja ndilo linaloanza kusema.
Kwanza linanung'unika, kama mpangaji aliyeongezewa kodi.
Kufika sokoni, linapiga kelele watu wageuke.
Juu kule Ciza ananingojea na swali lake:
"Maumivu, kuanzia sifuri mpaka kumi?"
Nikisema saba, anaandika saba.
Nikisema nne, anaandika nne,
halafu anatabasamu upande mmoja, mwizi huyu.

Nilimuuliza: inafanyaje kazi?
Akasema, uchovu ni mgeni,
na kichwani kuna kiti chake.
Kahawa inawahi, inakikalia.
Mgeni akifika anabaki amesimama mlangoni na mizigo yake.
Hajarudi kwao, dada. Anasubiri.

(Ndiye yule ninayemsikia saa nane za usiku,
macho yangu yakihesabu misumari ya bati.)

Jumapili daftari lilifunguliwa mezani.
Siku za kahawa: dakika mbili pungufu, paja likitaja nne, tano.
Siku za mahindi: saba, nane.
Isipokuwa Alhamisi ile ya mvua.
Mahindi matupu, nami nikapanda kama mbuzi,
nikafika nikasema tatu.
Ciza ameizungushia duara. Hana jibu.

Mama alikuwa akichambua lengalenga, tukadhani hasikilizi.
"Mimi," akasema, "niliibeba kahawa miaka kumi na minne.
Kilo hamsini, mugozi kwenye paji la uso,
toka shambani hadi kwenye mtumbwi,
usiku, taa zimezimwa, ivuke Rwanda.
Mgongo wangu ulinuka kahawa hata kanisani.
Kuionja, sikuionja. Ilikuwa ya kuuza.
Haya, niambieni, ninyi wenye saa:
kahawa ilipokuwa mgongoni na si tumboni,
kile kiti alikalia nani?"

Ciza alishika kalamu. Hakuandika.
Alichemsha maji, akachota ile ya kweli,
akamwekea mama kikombe kisicho na sahani juu.

Mama akanywa, akakunja uso.
"Haina hata sukari."
Akaunyoosha mguu wa kulia, ule wa mizigo,
akauinamia kama anayetega sikio ukutani.
"Saa nzima, mlisema?"
Na akairudia mboga yake,
akichambua, akingoja.