Peso

Bibi wa mashine kaja na boti kutoka Unguja,
kambandika mume wangu nyuzi sita:
mbili kidevuni, nne shingoni,
kandokando ya tundu alilobakishiwa na madaktari
pale ilipokuwa sauti.

"Sema bila ya kusema," kamwambia.
"Chezesha mdomo tu. Misuli ndiyo inayosomwa."
Lakini mashine haijui Kiswahili, haijafunzwa.
Inajua Kihispania, maneno mia mbili,
na mtaani kwetu Wete anayekijua
ni Asaa wangu, aliyesomea upimaji ardhi Kuba
akarudi na cheti, na lugha
aliyokuwa akiweweseka nayo usiku
mimi nikimwamsha kwa wivu.

Agua, ikasema. Nikaleta maji.
Casa, ikasema. Nikacheka: kasa gani huyo, Limbani?
Asaa akapiga ukuta kwa kiganja. Nyumba.
Mesa. Ah, meza! Hiyo naijua.
Azúcar,
nikasikia sukari imejificha ndani.

Kisha akanigeukia mimi, mashine akaiacha ubavuni.
Akafumba midomo, akafumbua.
Peso.

Bibi akapekua kamusi: "Uzito."
Moyo ukanidondoka.
Nikaliona deni la hospitali, karafuu tulizouza mbichi,
mizani inayosoma pungufu kila mwaka.
Nikamwambia: tutaubeba, Asaa, tumebeba mangapi.

Akatikisa kichwa. Peso.
Akarudia, taratibu, kama anayemfunza mtoto. Peso.
Jasho likalegeza utepe wa shingoni.

Bibi akacheka mpaka akavua miwani.
"Bila ya sauti," kasema, "B na P ni pacha.
Midomo hufumba namna moja, hufumbuka namna moja;
kinachowatenga ni mtetemo wa koo,
na koo ndilo hana."
"Basi neno lenyewe lipi?"
Akaona haya. Akasema
betri ya akiba kaisahau garini.

Usiku nimesimama mbele ya kioo cha kabati,
sauti nimeizuia.
Nimesema baba, nimesema papa.
Nimesema peso. Nimesema lile jengine.
Kweli, midomo ni ile ile.
Asaa kitandani anatikisika kwa kicheko
kisichotoa mlio, hewa inapita shingoni
fyu, fyu.

Kesho bibi ataandika ripoti yake.
Aandike: mashine ilikosea mara tatu.
Mke, mara moja tu,
na mke hakuwa na kamusi.